Safari ya bei ya kigari cha mtoto, kutoka kiwandani hadi mizani ya chuma chakavu

Mzazi anayerudi Kariakoo kutafuta vifaa vya mtoto wa pili, miaka minne au mitano baada ya kumnunulia wa kwanza, mara nyingi hutoka huko na swali moja kichwani: kigari kile kile, au kinachofanana nacho kama pacha, kimepandaje bei kiasi hiki? Muuzaji humjibu kwa kifupi kwamba dola imepanda, na akiona mteja bado ananung'unika huongeza kwamba mzigo umeadimika. Majibu hayo yana ukweli, lakini yanaacha mengi gizani. Hayaelezi kwa nini chuchu za chupa hazikupanda kwa kiwango hicho ilhali zimetoka nchi ile ile na kulipiwa kwa dola ile ile, wala kwa nini bei huchelewa kushuka dola inaposhuka, wala kwa nini kigari cha mtumba kutoka Uingereza wakati mwingine huuzwa ghali kuliko kipya kilichotoka kwenye boksi.

Nimechagua kigari kwa makusudi. Kati ya vifaa vyote vya mtoto mchanga, hicho ndicho kinachobeba karibu kila sababu inayosukuma bei: nafasi kinayokula ni kubwa kuliko uzito wake, vingi vinatoka nje ya nchi, mnunuzi hukinunua mara moja kisha akasahau, na mtoto hukiacha kabla hakijachakaa. Kitanda cha mbao hufuata njia nyingine kabisa, kwa kuwa fundi wa Keko, jijini Dar es Salaam, anaweza kukichonga kwa mbao za ndani, na mteja akiona bei imezidi anahamia kwa fundi wa jirani. Kigari hakina fundi wa jirani. Mshindani wake wa kweli ni mbeleko, na kwa mama anayepita kila siku kwenye mchanga na madimbwi ya mitaa yetu, mbeleko bado inashinda.

Tukianza mbali, mwendo mrefu wa bei hii ni wa kushuka. Kigari kinachotajwa mara nyingi kuwa cha kwanza kilitengenezwa Uingereza mwaka 1733 na William Kent kwa ajili ya watoto wa Duke of Devonshire, kikiwa chombo cha kuvutwa na mnyama mdogo, na bei yake haikumhusu mtu wa kawaida. Kwa muda mrefu baada ya hapo vigari viliendelea kuwa vizito, vyenye magurudumu makubwa na mwili mgumu usiokunjika. Mabadiliko makubwa yaliletwa mwaka 1965 na Owen Maclaren, mhandisi aliyewahi kushughulikia magurudumu ya kutua ya ndege za kivita za Spitfire, ambaye alichukua aluminiamu na maarifa ya kukunja vyuma akabuni kigari chepesi kinachokunjika kama mwavuli, chenye uzito usiofika kilo tatu. Watu husifu wepesi wake, lakini kwa habari ya bei jambo kubwa ni lile la kukunjika, maana chombo kinachokunjika huingia kwenye boksi dogo, na boksi dogo hulipiwa nauli ndogo. Mwaka 1989 kampuni ya Goodbaby ilianza huko Kunshan, China, ikakua hadi kuwa miongoni mwa watengenezaji wakubwa wa vigari duniani, na viwanda vya aina hiyo ndivyo vilivyofanya kifaa cha makabaila kiwe bidhaa ya kuning'inizwa mbele ya duka la mtaani.

Sasa tulifungue lile boksi. Tuchukue kigari cha mfano ambacho boksi lake lina urefu wa sentimeta 80, upana wa 50 na kimo cha 30. Boksi hilo linakula meta za ujazo 0.12, na wafanyabiashara wanaofunga mizigo katika miji ya China ya Guangzhou na Yiwu hulipa kwa hesabu hiyo, wao husema sibiemu, hata kama ndani ya boksi kuna hewa zaidi ya chuma. Kontena la futi 40 likipakiwa vizuri linaweza kubeba takribani meta za ujazo 67 hivi, yaani vigari kama 555 vya namna hiyo. Nauli ya kontena ikiwa dola 2,000, kila kigari kinabeba dola 3.60 za meli. Nauli ikifika dola 10,000, kila kigari kinabeba dola 18. Namba hizi si za kubuni tu kwa ajili ya hoja: kipimo cha dunia cha nauli za kontena kinachotolewa na Drewry, kampuni ya utafiti wa usafiri wa meli, ambacho ni wastani wa njia kuu nane na si bei ya kuja Dar es Salaam peke yake, kilikuwa chini ya dola 2,000 kabla ya janga la korona na kikavuka dola 10,000 mwezi Septemba 2021.

Boksi lile lile likijazwa chuchu za chupa elfu moja, tofauti hiyo ya dola 14.40 hugawanywa na kuwa senti moja na nusu hivi kwa kila chuchu. Kwa hiyo mlima wa nauli ulioinua bei ya kigari uliipita chuchu kama upepo. Kanuni hii huwasaidia wazazi kuliko habari nyingi za uchumi: nauli zinapopanda, angalia kwanza vitu vyepesi vyenye ukubwa, kama vile mabeseni ya kuogea, viti vya kulishia, woka za kujifunzia kutembea, na hata pampasi, ambazo kwa sehemu kubwa ni nyuzi laini za mti na hewa iliyobanwa.

Mzigo ukifika bandarini, habari inakuwa nzito zaidi, kwa sababu kodi haitozwi kwenye bei ya kiwandani peke yake. Forodha hukokotoa thamani ya mzigo ikiwa na bima na nauli ya meli ndani yake. Nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki zina viwango vya pamoja vya ushuru, ambavyo tangu Julai 2022 vina madaraja manne ya asilimia 0, 10, 25 na 35, na juu ya thamani pamoja na ushuru huongezwa kodi ya ongezeko la thamani, ambayo kwa bidhaa zinazoingizwa Tanzania Bara ni asilimia 18, Kenya 16 na Uganda 18. Tuseme kigari chetu kimenunuliwa kiwandani kwa dola 30 na tukitumie daraja la asilimia 25 kwa mfano, tukiacha bima na tozo ndogondogo. Nauli ikiwa ndogo, thamani yake ni dola 33.60, ushuru unaifikisha 42, na kodi ya ongezeko la thamani inaifikisha 49.56. Nauli ikiwa kubwa, thamani ni dola 48, ushuru unaifikisha 60, na kodi inaifikisha 70.80. Tofauti iliyoanza baharini ikiwa dola 14.40 inatoka getini mwa bandari ikiwa dola 21.24, bila mtu yeyote kupandisha kodi hata kwa asilimia moja.

Dukani nako kuna ngazi yake. Wafanyabiashara wengi hawaweki faida kama kiasi kisichobadilika. Huweka sehemu ya mtaji, kwa kuwa mtaji mkubwa umefunga fedha nyingi na umebeba hatari kubwa. Tukichukua dola kwa shilingi 2,300, kiwango ambacho shilingi ya Tanzania ilizunguka kwa miaka kadhaa hadi 2022, kigari cha nauli ndogo kinafika dukani kwa karibu shilingi 114,000 na kile cha nauli kubwa kwa karibu 163,000. Ongeza robo ya faida, utaona 142,500 kwa upande mmoja na takribani 203,500 kwa upande mwingine. Kilichoanza kama nyongeza ya shilingi 33,000 za meli kimekuwa shilingi 61,000 mfukoni mwa mzazi. Bado hatujagusa pango la fremu, mshahara wa kijana wa dukani, wala nauli ya kupeleka mzigo Mbeya au Mwanza.

Dola yenyewe hufanya kazi kwa namna iliyo rahisi zaidi kueleweka. Shilingi ya Tanzania ilitoka kwenye hiyo 2,300 na kufika karibu 2,700 kwa dola moja katika mwaka 2024. Kigari chetu cha dola 49.56, bila nauli kupanda na bila kodi kubadilika, kinatoka shilingi 114,000 hadi karibu 134,000 kabla ya faida. Muuzaji anayesema "dola imepanda, dada" hadanganyi. Anachoacha kusema ni kwamba dola ilimkuta ameshabeba nauli na kodi, na kwamba kila kimoja kinamzidisha mwenzake.

Hapa ndipo linapoingia swali la kwa nini bei ikipanda haishuki. Kenya ni mfano mzuri. Mwanzoni mwa 2024 dola moja ilinunuliwa kwa zaidi ya shilingi 160 za Kenya, na katikati ya mwaka huo huo ilikuwa imeshuka hadi karibu 130, yaani karibu moja ya tano imeondoka. Mzazi wa Nairobi alikuwa na haki ya kutarajia nafuu. Lakini mwenye duka aliyelipia kontena Januari alikuwa na stoo iliyojaa mzigo wa dola ya 160, na kuuza kwa bei ya dola ya 130 kungekuwa kula mtaji wake mwenyewe. Dola inapopanda, mfanyabiashara huyo huyo hupandisha bei hata ya mzigo wa zamani, kwa hoja kwamba fedha atakayopata lazima itoshe kununua mzigo unaofuata. Kwenye kupanda anahesabu bei ya kesho, kwenye kushuka anahesabu bei ya jana. Mimi siuiti huo wizi, kwani asiyefanya hivyo hufunga duka, lakini mteja anayo haki ya kujua kwamba mizani hiyo huinamia upande mmoja.

Kuna sababu nyingine ambayo nadhani ina nguvu kuliko zote, nayo ni kumbukumbu ya mnunuzi. Bei ya unga na sukari kila mtu anaijua, na duka likizidisha shilingi mia mbili mtaa mzima unahama. Kigari hununuliwa mara moja kwa miaka mingi. Anayekinunua leo hajui kiliuzwaje mwaka jana, na aliyekinunua mwaka jana hana tena haja ya kuuliza. Kila mwezi soko hupokea wazazi wapya wasio na kumbukumbu, wenye haraka, na wengi wakiwa na fedha za zawadi mkononi. Katika soko la namna hiyo, bei iliyopanda haina mtu wa kuivuta chini isipokuwa mwenye duka la pili ambaye mzigo wake umekaa mno stoo.

Serikali zenyewe zimewahi kugonga mwamba huo. Katika bajeti ya 2018/19 Tanzania iliondoa kodi ya ongezeko la thamani kwenye taulo za kike, kwa matumaini kwamba bei itashuka. Mwaka uliofuata kodi hiyo ikarudishwa, na maelezo ya Serikali yalikuwa kwamba wafanyabiashara hawakupunguza bei. Taulo si kifaa cha mtoto, lakini somo lake linahusu rafu ile ile ya duka: kodi inayoondolewa huweza kuishia kwenye faida ya walio njiani, hasa pale ambapo mnunuzi hana bei ya kulinganisha.

Mtu anaweza kuuliza kama mfumuko wa bei wa taifa haungetosha kueleza yote haya. Hautoshi. Takwimu za Tanzania kwa miaka ya 2020 hadi 2024 zinaonyesha mfumuko wa kati ya asilimia 3 na 4 na kidogo kwa mwaka, na hizo ni namba za utulivu. Lakini kapu la bidhaa linalopimwa limejaa vyakula, pango, nishati na usafiri, kama matumizi ya kaya yalivyo, na kigari cha mtoto ndani ya kapu hilo ni punje ya mchele kwenye gunia. Kinaweza kupanda kwa nusu ya bei yake na kapu lisitikisike. Kwa hiyo mzazi anayesikia redioni kwamba bei zimetulia, kisha akatajiwa bei ya kigari akashtuka, hajadanganywa na redio wala na masikio yake.

Zaidi ya hapo, bei inaweza kubaki pale pale huku kitu chenyewe kikibadilika. Miaka michache iliyopita nilinunua kigari cha bei nafuu ambacho kwa macho hakikuwa na tofauti na kile nilichowahi kukiona kwa dada yangu: kitambaa cha kijivu, kivuli cha jua, kikapu cha chini. Katika mwezi wa tatu wa kukitumia, gurudumu la mbele la kushoto lilichomoka tulipokuwa tukivuka mchanga kuelekea kituo cha daladala, na nilipoliokota nikaona kwamba ekseli ilikuwa bomba jembamba la bati lililobanwa kwa pini ya plastiki. Cha dada kilikuwa na chuma kizima na kifungo cha skrubu. Bei zilikaribiana, lakini kiwanda kilikuwa kimekwepa kupanda kwa gharama kwa kupunguza unene wa bomba, mpira wa gurudumu na mishono ya mkanda. Pampasi hufanya hivyo kwa njia ya wazi zaidi, pakiti ikibaki na bei yake huku idadi iliyoandikwa pembeni ikipungua. Anayelinganisha bei za miaka miwili bila kugeuza kifaa na kuangalia chini yake analinganisha vitu viwili tofauti.

Hapo ndipo kigari cha mtumba kinapopata heshima yake. Vigari vinavyoingia ndani ya makontena ya mitumba kutoka Uingereza na nchi nyingine za Ulaya mara nyingi vina fremu za aluminiamu nene na breki zinazoshika, na wanunuzi wanalijua hilo, ndiyo maana cha mtumba kinaweza kumzidi bei kipya cha Kichina bila mtu kushangaa. Bei yake, hata hivyo, ina njia yake ya bahari. Mzigo wa China kuja Dar es Salaam au Mombasa huvuka Bahari ya Hindi moja kwa moja na haupiti Bahari ya Shamu. Mzigo wa Ulaya kwa kawaida hupita Mfereji wa Suez na bahari hiyo. Meli zilipoanza kushambuliwa karibu na Yemen mwishoni mwa 2023, makampuni makubwa yakazizungusha meli zao hadi Rasi ya Tumaini Jema, hivyo njia ya kutoka Ulaya ikaguswa yenyewe, ilhali njia ya China iliguswa kwa mkono wa pili tu, kwa kuwa safari zilizorefuka zilimeza meli nyingi na kuzipunguza kwenye njia nyingine. Mtu aliyekuwa akisema vita vya mbali havimhusu kigari chake angelazimika kwanza kuuliza kigari chenyewe kimepakiwa wapi.

Wale wenye ndugu Marekani nao waliona upande wao. Ushuru wa Marekani dhidi ya bidhaa za China ulipofikishwa asilimia 145 Aprili 2025, kabla ya kushushwa hadi 30 katikati ya Mei, vifaa vya watoto vilikuwa ndani ya wavu, tofauti na mwaka 2018 ambapo baadhi yake, kama viti vya gari vya watoto, viliondolewa kwenye orodha. Shangazi wa Texas aliyezoea kuja likizo na kigari kama zawadi alikuwa na sababu ya kweli ya kuja na nguo.

Mpaka hapa tumeifuata bei ikielekea kwa mzazi. Kuna bei nyingine inayoanza siku anapofungua boksi, na hiyo huhesabiwa kwa miezi ya mtoto. Kigari kipya hupoteza sehemu kubwa ya thamani siku ya kwanza kwa sababu tu hakiitwi tena kipya. Baada ya hapo hushuka taratibu, maana mnunuzi wa pili hajali kimekaa miezi minne au kumi ikiwa mkanda unafunga na kitambaa hakijapauka. Matangazo ya simu huandikwa "kimetumika miezi minne tu, bei maelewano", na neno maelewano hapo lina maana kwamba mtoto ameanza kutembea na nafasi sebuleni inahitajika. Gharama halisi ya kigari, basi, ni bei ya kununulia ukitoa bei utakayokiuzia. Aliyenunua kigari imara kwa 200,000 akakiuza kwa 120,000 baada ya mwaka ametumia 80,000. Aliyenunua dhaifu kwa 110,000 na kikafa njiani ametumia 110,000 yote. Hesabu hiyo humfaa zaidi mwenye kuweza kutoa 200,000 kwa mkupuo, na wengi hawawezi. Ndiyo sababu kigari dhaifu hakikosi mteja.

Viti vya gari vya watoto havifuati hesabu hiyo, na hapa nashauri ukali. Plastiki yake huchakaa kwa joto, kiti kilichowahi kuwa ndani ya ajali hakifai tena hata kama hakina mchubuko, na vingi hupigwa chapa ya tarehe ya kutengenezwa au ya mwisho wa matumizi. Sheria nazo hubadilisha bei kwa siku moja. Umoja wa Ulaya ulisimamisha uuzaji wa viti vipya vya kiwango cha zamani cha usalama kiitwacho R44 tangu Septemba 2024, na Marekani ilipiga marufuku kuanzia Juni 2011 vitanda vya watoto ambavyo ubavu mmoja hushuka, vipya na vilivyotumika. Ukikuta kitanda cha namna hiyo kwenye rundo la mtumba kwa bei ya kutupa, wewe usifurahie punguzo, jiulize kwanza kwa nini mwenye nacho wa kwanza hakuweza kukiuza kwao.

Mwisho wa safari hauko dukani. Kigari kilichopita mikono mitatu, kitambaa kimechanika na gurudumu moja limeazimwa na watoto wa jirani kutengenezea gari la mabati, hubeba madumu ya maji kwa miezi kadhaa, kisha hupelekwa kwa mnunuzi wa chuma chakavu. Yeye haulizi kilinunuliwa kwa dola ya bei gani. Hupitisha sumaku kwenye fremu: ikinasa ni bati la kawaida na hulipwa kidogo kwa kilo, isiponasa ni aluminiamu na kilo yake hupata bei nzuri zaidi, hata kama fremu nzima, kwa wepesi wake, haijafika kilo tatu.